Miezi Isiyo na Kadi

Mtoto akishalia, wodi nzima humgeukia yeye. Mimi kazi ilinitaka nigeukie beseni. Kondo la nyuma likitoka, mkunga hulikagua ahakikishe limetoka zima, kwa kuwa kipande kikibaki ndani mama huvuja damu, na mama anayevuja damu anaweza kukuponyoka ndani ya saa mbili. Hilo hufundishwa kila mkunga. Lakini katika hospitali za bondeni, Muheza na Korogwe, kondo lilikuja kupata kazi nyingine. Lilipimwa uzito. Kipande kidogo kilikatwa upande ulioshikamana na mama, kikatiwa kwenye chupa ya fomalini, na damu yake ikapakwa kwenye kioo kungojea darubini.

Nimezaliwa milimani, juu ya mji wa Lushoto kwenye njia ya kwenda Magamba, ambako mwezi wa Julai ukungu hauondoki mpaka saa nne na watoto huenda shule wamevaa masweta mawili mawili. Ukunga ndio ulionishusha bondeni, na bondeni ndiko nilikojifunza jambo ninalotaka kulieleza hapa: mengi yanayomwangusha mtoto siku anayozaliwa huwa yametokea miezi mingi nyuma, wakati mama hana kadi ya kliniki, hana chandarua kipya, na pengine hajamwambia mtu yeyote. Utafiti uliofanyika mkoani Tanga umekuwa ukikifuata kipindi hicho kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Ulianzia kwenye kondo, ukaingia tumboni, kisha ukamfuata mwanamke kabla hajashika mimba. Nimeuona ukirudi nyuma hivyo nikiwa palepale kwenye beseni.

Bibi yangu alikuwa na katazo moja kwa wajukuu wa kike waliofikia umri wa kuolewa. Kushuka Mombo ruhusa, kulala Mombo hapana. Mama zetu walikuwa wakishusha kabichi, karoti na pea kwenda kuuza, na ikitokea gari la mwisho limewaacha, bibi aliona afadhali wapande kwa miguu hadi Soni usiku kuliko kulala chini. Hakutaja mbu. Alisema nyika ina homa, basi. Hakuwa peke yake. Wasambaa wa zamani walijenga juu, kule shambaai, na Vugha, makao ya wafalme wa Kilindi, nayo iko juu; homa za nyika zilikuwa mojawapo ya sababu.

Miaka mingi baadaye wataalamu waliupima mlima huo kijiji kwa kijiji, wakinasa mbu kuanzia chini kabisa hadi juu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kuwa ukipanda kutoka mita 300 hadi kama mita 1,650 juu ya usawa wa bahari, uambukizaji wa malaria hupungua zaidi ya mara 1,000. Mara elfu moja, ndani ya safari ya daladala isiyofika hata saa mbili. Niliposoma takwimu ile nilimkumbuka bibi kwa heshima kubwa.

Ila bibi hakujua, wala mimi sikujua mpaka nilipofanya kazi chini, kwamba mlima unaotukinga ndio pia unaotuacha watupu. Mwanamke aliyekulia Muheza au Korogwe ameumwa malaria tangu utotoni na mwili wake umejifunza kupambana nayo. Anaweza kutembea na vimelea bila homa. Akishika mimba ya kwanza, vimelea hupata makao mapya ambayo kinga yake haijawahi kuyaona, yaani kondo. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza makondo ya akina mama wa Kenya magharibi, walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunasa kwenye kondo kwa kushika kitu kinachoitwa kondroitini salfeti A. Watafiti wa Copenhagen baadaye wakaitambua protini ambayo kimelea huitumia kushika, inayoitwa VAR2CSA. Kwa hiyo vimelea hujificha mle, damu ya kidole inaweza kuonekana safi, huku chakula na hewa vinavyokwenda kwa mtoto vikipungua. Mimba ya pili na ya tatu, mama wa bondeni tayari amejenga kinga dhidi ya hila hiyo, ndiyo maana kule mtoto wa kwanza ndiye huumia zaidi.

Mama wa mlimani hana kinga ya kwanza wala ya pili. Akishuka akalala chini akiwa na mimba, iwe ya kwanza au ya tano, anaumwa kama mtoto mdogo.

Nilikuja kuliona hilo kwa mtu wa nyumbani. Wifi yangu, mke wa binamu, alikuwa na watoto wawili wenye afya na alifanya biashara ya mboga kati ya Lushoto, Mombo na Korogwe. Biashara ikikolea analala chini siku mbili tatu. Aliletwa hospitali nilikokuwa nikifanya kazi akiwa na uchungu, midomo imepauka, viganja vyeupe. Nilimkunja kope la chini la jicho nikaona hakuna rangi.

"Wifi, mimba ina miezi mingapi?"

"Ilianza kwenye maharage ya vuli. Ama kabla yake kidogo."

"Kupanda au kuvuna?"

Akafikiri huku uchungu ukimshika. "Kupalilia."

Kadi yake ilikuwa na hudhurio moja tu, la wiki chache nyuma. Kabla ya hapo hakuna kilichoandikwa. Alijifungua binti wa kilo 1.7, na hapo tukakwama kwenye swali ambalo wodi nyingi za wakati ule hazikuweza kulijibu. Je, huyu ni njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake? Au siku zake zimetimia ila alidumaa tumboni? Kwa macho wanafanana. Kwa mwili ni watoto wawili tofauti. Njiti mapafu yake hayajakomaa na hajui kunyonya. Aliyedumaa mapafu yanaweza kuwa tayari lakini sukari humwishia haraka na hana akiba ya mafuta ya kumtia joto. Ukikosa tarehe ya mimba, unamhudumia kwa kubahatisha.

Binti yule alipona. Alifungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge, na wifi alipochoka mama yake mzazi akampokea. Siku hizo wengi waliiona njia hiyo kama ya kujikimu pale ambapo mashine ya joto haipo. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali yao haijatulia, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Wale waliosubiriwa watulie kwanza walifariki karibu 16. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Kifua cha mama kimeishinda mashine, na hospitali yoyote ambayo bado inamtenga mama na njiti wake inapaswa kuona haya.

Kondo la wifi, lilipotazamwa, lilikuwa na doa jeusi la malaria. Kimelea kikila damu huacha mabaki meusi kama masizi ya jikoni, na mabaki hayo hubaki kwenye kondo hata baada ya vimelea vyenyewe kwisha. Mtaalamu wa darubini akiona vimelea peke yake anajua ugonjwa ni wa karibuni. Akiona vimelea pamoja na weusi, ugonjwa umekaa. Akiona weusi mtupu, ulikuja ukapita. Ndiyo sababu watafiti walilitaka kondo kwa hamu ile. Lilikuwa limehifadhi habari za miezi ambayo hakuna mtu aliyekuwa akitazama.

Lakini kondo lina wenyewe. Kwa watu wengi wa Tanga, milimani na bondeni, kondo huzikwa, na mwenye kulizika ni mkubwa wa ukoo anayejua anafanya nini. Kulichukua ni jambo zito. Juu yake uweke uvumi wa mumiani, wa watu wanaokamatwa wakanyonywa damu, ambao umezunguka pwani na Tanga tangu enzi za ukoloni. Sasa waje watu wenye magari, makoti meupe na chupa, waseme wanaomba damu na kondo.

Nakumbuka bibi mmoja wa Kizigua aliyemleta mjukuu wake kujifungua. Binti mwenyewe alishaelezwa kila kitu na alishaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, na aliponiona nimebeba beseni akainuka.

"Nesi, hilo la kwetu unalipeleka wapi?"

"Shikamoo bibi. Silipeleki mbali. Nakata kipande kidogo, lililobaki nakurudishia mkazike."

"Marahaba. Kipande cha nini?"

"Kitazamwe kama malaria ilimwingia mjukuu wako."

"Mbona yeye hakuumwa?"

Nikasimama. Katika swali lile moja bibi alikuwa ameishika kazi nzima ya watafiti wale. Nikamweleza kwamba bondeni mama anaweza kubeba vimelea miezi bila homa, na kwamba anayeumia ni mtoto. Akasikiliza, akavua kandambili, akaomba aingie aone. Alisimama kando yangu nikipima, nikikata kipande kisichozidi ukubwa wa punje mbili tatu za mahindi, nikifunga chupa, nikiandika namba. Hakusema neno mpaka nilipomaliza. Nilipomkabidhi lililobaki, limefungwa vizuri, akauliza: "Mkishajua, mtakuja kutuambia?"

Fomu ya ridhaa ilikuwa imeeleza hatari, faida, siri ya majina na haki ya kujitoa. Swali lile haikuligusa. Na ukweli ni kwamba majibu ya tafiti za aina hii huchukua miaka, na yakija huja kwa wastani: akina mama kadhaa katika mia, gramu kadhaa pungufu. Kipande cha mjukuu wake kingeingia humo na kupotea ndani ya hesabu. Mimi naamini bibi yule alikuwa na haki ya kujibiwa, na naamini swali lake linapaswa kuandikwa kwenye kila fomu itakayochapwa kuanzia leo.

Tanga si mgeni wa utafiti. Kituo cha Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo, na baadaye kikawa chuo cha malaria cha Afrika Mashariki. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, Amani ikawa mojawapo ya vituo vyake, na Tanga mjini kikawepo kingine kwenye eneo la Hospitali ya Bombo. Muheza ndiko Dakta Theonest Mutabingwa na wenzake walikochunguza dawa za kukinga malaria kwa wajawazito. Hukohuko, kati ya 2002 na 2005, Duffy na Fried waliwafuatilia akina mama na watoto wao kuanzia kondo hadi utotoni.

Kondo hata hivyo lilikuwa na mpaka wake. Weusi ule nao hufutika baada ya muda. Mama aliyeambukizwa mwezi wa pili au wa tatu anaweza kujifungua akiwa na kondo safi, halafu mtoto akawa mdogo na watu wakakosa sababu. Ilibidi watafiti waingie mapema. Mwaka 2008 mradi wa STOPPAM ulianza Korogwe, NIMR ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Copenhagen na wengine. Karibu akina mama 1,000 waliandikishwa kabla mimba hazijavuka wiki 24, wakapimwa kwa altrasaundi ili umri wa mimba ujulikane, kisha ukuaji wa mtoto ukafuatiliwa tumboni. Kwa mkunga kama mimi, niliyezoea kupima tumbo kwa vidole na kuuliza habari za maharage, kuona tarehe ya mimba ikisomwa kwenye skrini ilikuwa sawa na kuwashiwa taa. Swali la binti wa wifi lilikuwa limepata jibu.

Na jibu lilikuja na habari nzito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 kutokana na kazi hiyo ya Tanga, yakiongozwa na Christentze Schmiegelow, yalionyesha kuwa maambukizi ya mapema katika mimba ndiyo yanayoumiza sana ukuaji wa mtoto. Kipindi kilekile ambacho hatumuoni mama.

Ukiitazama huduma yetu ilivyopangwa, utaona kwa nini hili linanikosesha raha. Chandarua cha bure mjamzito hukipata kwenye hudhurio la kwanza. Kipimo cha malaria, hudhurio la kwanza. Dawa ya SP ya kukinga malaria haitolewi kabla ya mwezi wa nne, kwa kuwa inaingilia asidi ya foliki ambayo mtoto anaihitaji sana mwanzoni. Kila kitu kinaning'inia kwenye kadi. Na katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015 hadi 2016, takriban mama mmoja kati ya wanne ndiye aliyekuwa amefika kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Watatu waliobaki walipita kipindi cha hatari kubwa wakiwa na kile walichokuwa nacho nyumbani.

Nimewasikia wauguzi wakiwagombeza. "Mbona umechelewa? Ulikuwa unangoja nini?" Mimi siungi mkono hata kidogo. Mimba changa kwetu haitangazwi. Mwanamke anaogopa husuda, anaogopa iharibike watu wakiwa wameshajua, anaogopa kuitwa muongo damu ikija. Bibi zetu walifundisha kunyamaza mpaka tumbo lijiseme lenyewe, na katika nyakati ambazo mimba nyingi ziliharibika, kunyamaza kulimkinga mwanamke asiaibike. Halafu kuna vikwazo tulivyoviweka wenyewe. Yako maeneo ambako mama aliyefika bila mume hurudishwa akamlete, au akalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa sababu tunataka baba naye apimwe virusi vya ukimwi. Nia njema kabisa. Lakini mume yuko Dar es Salaam anauza mitumba, na mama anarudi mlimani na mimba yake ya wiki kumi, na hatumuoni tena mpaka mwezi wa sita.

Ndiyo maana hatua iliyofuata ya utafiti ilinigusa kuliko zote. Kati ya 2014 na 2016, huko Korogwe na Handeni, watafiti waliwaandikisha zaidi ya wanawake 1,400 ambao hawakuwa na mimba bado. Waliwapima damu, uzito na afya kwa jumla, kisha wakawafuata nyumbani wakingoja nani atashika mimba, ili wajue upungufu wa damu na malaria vya kabla ya mimba na vya wiki za mwanzo vinamfanya nini mtoto. Fikiria kazi hiyo kijijini. Unakwenda kwa mwanamke mwezi hadi mwezi kumuuliza kama siku zake zimekuja, mbele ya mama mkwe. Wanawake walikubali. Ukarimu wa namna hiyo hauandikwi kwenye majarida ya sayansi, lakini bila huo majarida yale yasingekuwa na cha kuchapisha.

Utafiti pia umenifunza kutokuwa na haraka ya kutupa cha zamani. SP ilianza kupewa wajawazito Tanzania kama kinga mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haukupita muda vimelea vya Muheza na Korogwe vikawa sugu kiasi cha kutajwa duniani. Sisi wa wodini tulikuwa tukisema waziwazi kwamba dawa imekufa. Ikaja dawa nyingine, dihydroartemisinin-piperaquine, nayo ikapimwa dhidi ya SP kwa wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, wakiwamo wa huku kwetu Tanga. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Dawa mpya ilizuia malaria vizuri zaidi, kama tulivyotarajia. Lakini mimba zilizoishia vibaya, kwa kuharibika, mtoto kufariki, au kuzaliwa njiti au mdogo, zilikuwa karibu 28 katika 100 kwa waliopewa dawa mpya, na karibu 23 kwa waliopewa SP. Dawa tuliyoiita mfu ilikuwa inamnenepesha mtoto kwa njia nyingine, labda kwa kutuliza maambukizi ya bakteria. Kama uamuzi ungeachiwa hisia zetu, tungeitupa, na watoto wangelipa.

Vilevile kwa matibabu ya miezi ya mwanzo. Kwa miaka mingi mjamzito mwenye malaria katika miezi mitatu ya kwanza alipewa kwinini, dawa chungu inayovuma masikioni, na wengi waliiacha njiani. Dawa mseto tuliziogopa. Ushahidi ulipokusanywa kutoka nchi nyingi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 likapendekeza dawa mseto ya artemether-lumefantrine itumike hata katika kipindi hicho. Mwanamke anayejisikia homa na hajui kama ana mimba sasa ana dawa anayoweza kuimaliza.

Nisije nikaonekana nimesahau saa ya kujifungua yenyewe. Nilikuta enzi ambapo mtoto asiyelia aliwekwa kando na kuandikwa mfu, wakati mwingine moyo ukidunda bado. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua, ya kumkausha, kumsugua mgongo na kumpulizia hewa kwa mfuko ndani ya dakika moja, yalipimwa katika hospitali 8 za Tanzania. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Juu ya damu, utafiti wa mwaka 2023 katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambao huku uliongozwa na Dakta Fadhlun Alwy wa Muhimbili, uliwahusisha wanawake zaidi ya 210,000. Chini ya mama uliwekwa mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo, ili damu isikadiriwe kwa macho, na matibabu yote yakaanza kwa mkupuo. Kuvuja damu sana kulipungua kwa asilimia 60. Ninayajua macho yanavyodanganya mbele ya shuka lililolowa, na plastiki ile naipenda.

Barabara nayo imo. Kutoka Mtae au Mlalo usiku wa masika, na mawe yaliyoporomoka kwenye kona za kushuka Mombo, hakuna dawa inayofanya kazi kama mama hajafika. Namba 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, iliyoenezwa nchi nzima kuanzia 2022, inamruhusu muuguzi wa zahanati kuita dereva wa kijijini alipwe na mfumo badala ya familia kukopa. Watoto ambao mama zao hawakufika wamekuwa wakilelewa Irente, kwenye makao ya Kanisa la Kilutheri, na mtu yeyote wa Lushoto anayesema vifo vya uzazi ni takwimu tu aende pale asubuhi moja ya kulisha.

Takwimu za taifa zenyewe zinasema jambo ambalo naliona kuwa ndilo kiini. Vifo vya akina mama vilikadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 hadi 2016, na 104 katika ule wa 2022. Vifo vya watoto wa siku 28 za kwanza vilikuwa 25 kwa kila 1,000, vikawa 24. Mama tumeanza kumwokoa, kwa kuwa kinachomuua mara nyingi hutokea mbele yetu, siku ile, wodini. Kinachomuua mtoto kwa sehemu kubwa kimeshatangulia.

Siku hizi nimestaafu na nimerudi juu. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tukishamaliza hesabu, nawauliza wasichana walioolewa karibuni kama wanalala chini wakishusha mboga, na kama wana chandarua cha kubeba. Nawaambia siku zikipita wiki moja waende zahanati, na kama wanaogopa kusemwa, wapitie kwangu tukapime mkojo jikoni. Mmoja aliniuliza juzi: "Mama, hao waliochunguza kule Korogwe, mbona hawajapanda huku? Sisi hatuna damu?" Nikamwambia swali lake ni halali kabisa. Tafiti kubwa za mimba zimekaa bondeni kwa sababu malaria iko bondeni, na majibu yake hayamtoshei mwanamke anayelala shambaai siku tano na nyika siku mbili, bila kinga ya kule wala kinga ya huku. Yeye hajaandikwa mahali popote kama yeye. Wakija kumwandika, nitawapa chai na nyumba ya kufikia, na nitawaomba waje na kitu kimoja mkononi: matokeo ya Korogwe na Handeni kwa Kiswahili, ya kusomwa kwa sauti siku ya gulio. Watoto waliopimwa tumboni kule mwaka 2009 sasa ni vijana wa sekondari, na wengi wana bibi ambao bado wanangoja kuambiwa.